Lugha ya Nyumbani na Mwili wa Mtoto: Uhakiki wa Kigezo Kimoja katika Tafiti za Wanafunzi Wahispaniki wa Marekani

Utangulizi

Kwa zaidi ya miaka ishirini sasa wataalamu wa afya ya watoto nchini Marekani wamekuwa wakiuliza swali ambalo, kwa mtazamo wa kwanza, halielekei kuwa lao: mtoto huyu huzungumza lugha gani nyumbani? Jibu la swali hilo huliweka kando ya takwimu za siku ambazo mtoto alikimbia, alicheza mpira au alitoka jasho katika juma lililopita, kisha hutazama kama mambo hayo mawili yanakwenda pamoja. Wanaochunguzwa hasa ni watoto wa jamii ambazo serikali ya nchi ile huziita za Kihispaniki, yaani watu wenye asili ya Mexico, Puerto Rico, Cuba, El Salvador, Guatemala na nchi nyingine ambako Kihispania kimeenea. Si watu wachache. Sensa ya mwaka 2020 iliwahesabu kuwa milioni 62.1, sawa na asilimia 18.7 ya wakazi wote wa nchi.

Makala haya hayakusudii kuwafundisha matabibu kazi yao. Yanakusudia kulihakiki fungu moja la maneno, nalo ni 'lugha ya nyumbani', na kuonyesha kwamba fungu hilo limebebeshwa mzigo usio wake. Suala hili latuhusu sisi wanaisimu kwa kuwa kigezo kilichotumiwa ni chetu, na aghalabu kimetumiwa bila sisi kuulizwa. Seremala akiiona randa yake ikichongea mawe hana budi kusema neno, hata kama nyumba inayojengwa si yake.

Waliyoyaona Watafiti

Kwanza tuwatendee haki. Mwaka 2008 G. K. Singh na wenzake walichapisha uchunguzi uliotegemea hojaji ya taifa ya afya ya watoto ya mwaka 2003. Katika hojaji hiyo wazazi walipigiwa simu, wakaulizwa ni siku ngapi katika juma lililopita mtoto alifanya mazoezi au kucheza kwa dakika 20 au zaidi, hata akatoka jasho na kuhema. Ilionekana kwamba watoto wa wahamiaji, Wahispaniki wakiwamo, walikuwa na siku chache zaidi za namna hiyo kuliko watoto wa wenyeji, na kwamba walishiriki kidogo zaidi katika michezo ya timu. Uchunguzi mwingine, wa jimbo la Texas, uliochapishwa mwaka 2010, uliwatazama wanafunzi wa darasa la 4, la 8 na la 11, ukawagawa kufuatana na lugha wanayozungumza na wazazi wao. Huko nako wale wanaotumia Kihispania na wazazi walionekana kubaki nyuma katika baadhi ya vipimo, hasa katika michezo iliyoandaliwa na kusimamiwa na watu wazima.

Jambo hili lina uzito. Mwongozo wa serikali ya Marekani wa mwaka 2008, uliorudiwa mwaka 2018, wataka mtoto wa miaka 6 hadi 17 ashughulishe mwili kwa dakika 60 kila siku, kwa faida ya moyo, mifupa na uzito wake. Ikiwa kuna kundi la watoto ambalo halifikii kiasi hicho, ni wajibu kuuliza sababu. Tena watafiti hawa wana sifa ya kukataa kuwatia Wahispaniki wote katika kapu moja. Walitambua kwamba kijana aliyezaliwa Chicago na aliyefika jana kutoka Guatemala hawaishi maisha mamoja, wakatafuta njia ya kuwatofautisha. Njia waliyoichagua ndiyo tunayoihoji.

Lugha kama Kipimajoto

Asili ya njia hiyo yajulikana. Mwaka 1980 Cuéllar, Harris na Jasso walitoa kipimo cha kukadiria ni kwa kiasi gani Mmarekani mwenye asili ya Mexico ameingia katika utamaduni wa Wamarekani wanaozungumza Kiingereza. Hali hiyo hapa tutaiita kutamadunika. Mwaka 1987 Marín na wenzake wakatoa kipimo kifupi zaidi kwa ajili ya Wahispaniki wote, chenye maswali 12. Maswali 8 kati ya hayo yanahusu lugha: lugha ya kusoma na kuzungumza, ya utotoni, ya nyumbani, ya kufikiri, ya kuzungumza na marafiki, na ya vipindi vya redio, televisheni na filamu. Waliokuja baadaye, kwa kubana gharama, wakayapunguza maswali hayo hata mara nyingine likabaki moja tu, lile la nyumbani. Hivyo ndivyo lugha ilivyogeuzwa kipimajoto. Kinatiwa mdomoni, kinasomwa, na utamaduni mzima wa mtu unaandikwa kwa tarakimu moja.

Si sisi wa kwanza kulalamika. Mwaka 2004 Hunt, Schneider na Comer waliihakiki dhana hiyo ya kutamadunika katika utafiti wa afya ya Wahispaniki, wakaonyesha kwamba mara nyingi haifafanuliwi, na kwamba utamaduni unaodhaniwa kupimwa hauelezwi ni upi. Uhakiki wao ni mzuri, ila umesimama kwenye mlango wa anthropolojia. Waliuliza utamaduni ni nini. Lakini lugha yenyewe, hicho kipimajoto, ni nini? Swali hilo halikuwa lengo lao, nasi hatuna budi kulishika.

Kabla ya kulishika, yafaa tuone mahali ambapo kipimajoto hiki kinajikanusha chenyewe. Uchunguzi ule ule wa Singh na wenzake ulionyesha pia kwamba watoto wa wahamiaji hukaa kidogo zaidi mbele ya televisheni kuliko watoto wa wenyeji, na kwamba saa za televisheni huongezeka kadiri familia inavyozidi kutamadunika. Nao Gordon-Larsen na wenzake, mwaka 2003, walieleza kwamba uzito wa kupita kiasi huongezeka kadiri vijana wa Kihispaniki wanavyokaa Marekani. Basi kutamadunika kunampeleka mtoto kwenye timu ya mpira, na kunampeleka pia kwenye kiti cha televisheni. Kigezo kinachotajwa leo kuwa dawa na kesho kuwa sumu, bila kuelezwa ni kwa njia gani kinatenda kazi, hakijaeleza lolote. Kimetaja tu kwamba kuna jambo linalotaka kuelezwa.

Nyumbani ni Wapi?

Tulichambue sasa fungu letu neno kwa neno. Neno 'nyumbani' laelekea kuwa wazi, kumbe sivyo. Tangu mwaka 1980 serikali ya Marekani imekuwa ikiuliza, kwanza katika sensa na baadaye katika uchunguzi wake wa kila mwaka, kama mtu huzungumza lugha isiyokuwa Kiingereza nyumbani, ni lugha gani hiyo, na Kiingereza hukizungumza vizuri kiasi gani. Shule nazo zina hojaji yao, ambayo mzazi huijaza siku ya kumwandikisha mtoto. Katika hojaji hizi nyumba inachukuliwa kana kwamba ina mdomo mmoja.

Isimujamii ilikwisha kutufundisha vingine. Fishman aliuliza mwaka 1965 nani husema lugha gani, na nani, na wakati gani. Katika uchunguzi wa Jersey City alioufanya pamoja na wenzake, uliotolewa kuwa kitabu mwaka 1971, Wapuertoriko walionekana kuzigawa lugha zao kwa nyanja: jamaa, urafiki, dini, elimu na kazi. Ana Celia Zentella alikwenda ndani zaidi. Katika kitabu chake cha mwaka 1997 aliwaeleza watoto wa mtaa mmoja wa East Harlem, New York, alioupa jina la El Bloque, na ambao alianza kuuchunguza mwishoni mwa miaka ya 1970. Humo twaona nyumba ambamo wazazi husemezana kwa Kihispania, mama humwambia mtoto jambo kwa Kihispania naye akajibu kwa Kiingereza, na ndugu wakicheza wenyewe kwa wenyewe hutumia Kiingereza. Bibi naye anapoingia, mazungumzo yote hugeuka. Je, mama wa nyumba hiyo akiulizwa kwa simu lugha ya nyumbani kwake ni ipi, ajibu nini? Atajibu lugha yake mwenyewe. Mtafiti ataliandika jibu hilo kana kwamba ni lugha ya mtoto, na mtoto ndiye ambaye mwili wake unapimwa.

Aidha, El Bloque latufunza jambo ambalo linagusa mada yetu moja kwa moja. Watoto wale walikuwa wakicheza nje, barabarani na kwenye ngazi za mbele za majengo, watu wazima wa mtaa wakiwatupia jicho. Walipokua na kuanza kwenda shule na kazi za mbali, mtandao wa watu waliosema nao ulibadilika, na lugha zao zikabadilika pamoja nao. Hapa lugha na mchezo vinafuatana kweli, lakini kinachoviunganisha ni mtaa, si nyumba. Mtaa wenye watu wazima wanaomjua kila mtoto kwa jina humruhusu mtoto atoke. Mtaa wa hofu humfungia ndani, awe anasema Kihispania au Kiingereza.

Lugha Ipi?

Neno la pili ni 'lugha'. Hojaji nyingi humpa mtu nafasi tatu: Kihispania, Kiingereza, au zote sawasawa. Mgawanyo huo una kasoro mbili.

Kasoro ya kwanza ni kuchukulia kwamba lugha mbili hukaa mbalimbali kama vyumba viwili. Shana Poplack alionyesha mwaka 1980, kwa kuwachunguza Wapuertoriko wa New York, kwamba kuchanganya lugha ndani ya sentensi moja kuna kanuni zake, na kwamba wachanganyaji hodari ni wale wanaozimudu lugha zote mbili. Mtu wa namna hiyo akiambiwa achague kisanduku kimoja anadaiwa akane ujuzi wake. Mwandishi wa makala haya, alipokuwa masomoni ng'ambo, alijaza fomu kadhaa zenye nafasi ya lugha moja tu ya nyumbani, ilhali alitoka katika nyumba yenye lugha tatu. Kila fomu ilipata jibu lake kufuatana na alichodhani kwamba karani anataka kusikia. Wahamiaji nao hufanya hivyo, na kwa sababu nzito zaidi. Mzazi anayeogopa kwamba jibu la 'Kihispania' litampeleka mwanawe katika darasa la pembeni ataandika 'Kiingereza', na hatuwezi kumlaumu.

Kasoro ya pili ni kubwa zaidi. Miongoni mwa wanaohesabiwa kuwa Wahispaniki wamo watu ambao lugha yao ya nyumbani si Kihispania wala Kiingereza. Kutoka Guatemala wametoka wasemaji wa Kimam na Kik'iche', na kutoka Oaxaca, kusini mwa Mexico, wametoka wasemaji wa Kimixteko na Kizapoteko, ambao wengi wao ni vibarua wa mashamba ya California. Kwa watu hawa Kihispania chenyewe ni lugha ya serikali na soko, lugha waliyoikuta juu yao kabla hawajavuka mpaka. Kuwapima kwa mizani yenye Kihispania upande mmoja na Kiingereza upande wa pili ni kupima samaki kwa pishi.

Zoezi, Mchezo na Kazi

Baada ya 'lugha' na 'nyumbani' tuutazame upande wa pili wa mlinganyo, yaani hizo zinazoitwa shughuli za mwili. Hapa pia pana suala la lugha, tena la tafsiri. Hojaji hutungwa kwa Kiingereza kisha hufasiriwa kwa Kihispania, na neno la Kihispania linalosimama mahali pa zoezi ni *ejercicio*. Neno hilo, kama lilivyo neno letu 'mazoezi', humpeleka msikilizaji kwenye tendo la makusudi, linalotengewa saa yake na mavazi yake. Msomaji wa Kiswahili ataelewa upesi. Sisi tuna mazoezi, tuna mchezo, na tuna kazi, nazo ni nomino tatu zenye maana tatu. Binti anayeteka maji, akafua, akambeba mdogo wake mgongoni na kumkimbilia kuku jikoni, ukimwuliza leo umefanya mazoezi mara ngapi, atasema hajafanya hata mara moja. Amesema kweli kwa mujibu wa lugha yake, ila mtafiti ameandika uongo.

Hatudai kwamba watoto wote wa nyumba za Kihispania wanafanya kazi za sulubu zisizohesabiwa. Tunadai tu kwamba pale ambapo aliyeulizwa kwa Kihispania na aliyeulizwa kwa Kiingereza wanalinganishwa, tofauti inayopatikana inaweza kuwa ni tofauti ya maneno ya swali, si ya mbio za mtoto. Isitoshe, anayejibu mara nyingi ni mzazi. Mzazi mwenye zamu mbili kazini hayaoni mapumziko ya saa nne shuleni, wala hajui mwanawe alikimbia mara ngapi.

Wapo watafiti waliolitambua tatizo hili. Kati ya mwaka 2012 na 2014 uchunguzi mmoja mkubwa uliwafuata vijana Wahispaniki wa miaka 8 hadi 16 katika Bronx, Chicago, Miami na San Diego, ukawavalisha kifaa kidogo cha kuhesabu mwendo wa mwili. Hatua hiyo ni ya kupongezwa, kwa kuwa kifaa hakijui Kihispania wala Kiingereza. Lakini kifaa kimeurekebisha upande mmoja tu wa mlinganyo. Upande wa lugha haujapata kifaa chake, wala hautakipata mpaka wanaisimu waingie kazini.

Lugha kama Mlango

Yamkini msomaji atauliza: je, basi lugha haina kazi yoyote katika jambo hili? Inayo, tena kubwa. Kosa la watafiti si kuiona lugha, bali ni kuiona kama dalili ya kitu kilichofichika moyoni mwa mtu, ilhali lugha imesimama wazi mlangoni.

Mtoto hawi mwanachama wa timu kwa kupenda tu. Pana tangazo la kuandikishwa, fomu ya idhini, cheti cha daktari, ada ya sare, ratiba ya mechi, na ujumbe wa kocha kwamba uwanja umebadilishwa. Ikiwa vyote hivi vimeandikwa kwa Kiingereza tu, mzazi asiyekijua anabaki nje, hata awe anapenda michezo kuliko kocha mwenyewe. Na mara nyingi anayekuwa daraja ni mtoto. Guadalupe Valdés mwaka 2003 na Marjorie Orellana mwaka 2009 waliandika juu ya watoto wanaowafasiria wazazi wao hospitalini, dukani na shuleni, wakaonyesha akili na bidii inayotumika katika kazi hiyo. Mtoto anayetakiwa alasiri kumfasiria mama yake mbele ya mwenye nyumba hawezi wakati huo huo kuwa uwanjani.

Wala si lugha peke yake inayosimama mlangoni. Pana ada, pana usafiri, pana bustani zisizo salama, na pana hofu ya mzazi asiye na hati za ukaazi ya kuliandika jina lake kwenye karatasi yoyote ya shule. Mambo haya yanakwenda pamoja na Kihispania kwa sababu umaskini na uhamiaji vinakwenda pamoja nacho, si kwa sababu Kihispania kinawafanya watu wakae kitako. Miji ya Mexico na El Salvador ina watoto wengi wanaocheza mpira kutwa nzima, na mpira huo huchezwa kwa Kihispania.

Uamuzi juu ya jambo hili si mchezo wa maneno, maana kila maelezo yana tiba yake. Tukisema kwamba sababu ni utamaduni, tiba itakuwa kumhubiria mama abadilike, na mama mwenye bidii ataelewa kwamba aache kusema na mwanawe kwa Kihispania kwa ajili ya afya yake. Tukisema kwamba sababu ni fomu, tiba ni kuifasiri fomu. Tiba ya kwanza inamnyang'anya mtoto lugha ya bibi yake bila kumpa mpira. Ya pili ina gharama ya karatasi na mkalimani.

Sheria ya Marekani iliwahi kuielekea tiba ya pili. Mwaka 1974 Mahakama Kuu, katika kesi ya Lau, iliyohusu wanafunzi Wachina wa San Francisco, iliamua kwamba kuwapa watoto wote vitabu na walimu wale wale si usawa ikiwa wengine hawaielewi lugha ya mafundisho. Amri ya Rais namba 13166, ya tarehe 11 Agosti 2000, iliziagiza idara za serikali ya shirikisho ziwawezeshe wasiojua Kiingereza vizuri kuzifikia huduma zao. Amri hiyo ilifutwa Machi 2025 na amri nyingine, namba 14224, iliyokitangaza Kiingereza kuwa lugha rasmi ya nchi. Amri mpya haikuzikataza idara kufasiri, ila agizo la zamani limeondoka. Katika hali kama hiyo, utafiti unaoitaja lugha ya nyumbani kuwa kasoro ya afya, bila kueleza, huweza kuokotwa na kutumiwa na wale ambao hawakuwa na haja ya afya ya mtoto yeyote.

Hatima

Atakuwapo atakayetetea kwamba swali moja la lugha ni rahisi, na kwamba linabashiri vizuri. Tunakubali kwamba linabashiri. Jogoo naye hubashiri mapambazuko, lakini hakuna anayemwambia mkulima amchinje ili usiku uwe mrefu.

Pendekezo letu ni dogo. Badala ya swali moja, yaulizwe matatu: mtoto husema lugha gani na kila mmoja wa watu anaoishi na kucheza nao; matangazo na fomu za michezo humfikia mzazi kwa lugha ipi; na nani humfasiria nani, na kwa saa ngapi. Swali la kwanza lauliza habari za usemi, la pili habari za taasisi, la tatu habari za muda wa mtoto. Hakuna hata moja linalojifanya kuupima utamaduni.

Nasi wa huku tusijione tuko mbali. Tangu ripoti ya Gachathi ya mwaka 1976 tumekuwa tukisema juu ya lugha ya eneo la shule kana kwamba kila eneo lina lugha moja, na hojaji zinazosambazwa katika shule zetu huazima maswali ya ng'ambo pamoja na visanduku vyake. Mtoto wa Nairobi ambaye baba yake ni Mluo, mama yake ni Mkamba, na wenzake wa uani husema Sheng, amewekwa katika kisanduku kipi? Mara nyingi hojaji itakayomhoji mtoto huyo haitatungwa na mwanaisimu. Yatupasa tuombe kuisoma kabla haijapigwa chapa.